Nusu Kilo

Usinidai vina, msomaji, wala mizani.
Mizani ndiyo kesi yenyewe.

Ilining'inia ghalani kwetu, Uru,
kwenye boriti la mkaratusi,
uso wake mweupe kama sahani ya zahanati,
na mshale mwekundu niliouamini kwa kalamu
misimu kumi na mmoja.

Mimi ni Eliainenyi, karani.
Shuleni nilikuwa yule wa dirishani,
anayelijua jibu na kulimeza.
Ndiyo maana nikatafuta kazi ya kuandika:
kalamu haiitwi mbele ya darasa.

Msimu wa tatu, ghala likiwa limefagiliwa,
nilitundika sukari yangu ya dukani, kilo mbili.
Moja na nusu, ukasema mshale.
Nikamlaani mwenye duka.
Kisha nikaitoa sukari, nikatazama tena:
mshale ulilala chini ya sifuri,
upana wa ukucha tu.
Na nani hutazama mizani tupu?

Basi kila mama aliyeteremka na kahawa kichwani,
matope hadi magotini,
aliacha nusu kilo hewani,
nami nikaiandika hasara yake
kwa mwandiko mzuri.

Nilikuwa na sababu. Ada ya Kundaeli.
Mkopo wa bati, mdhamini wangu mwenyekiti.
Sababu ni kitanda:
unakitandika asubuhi, usiku unakilalia.
Na hili sijamwambia mtu:
hofu yangu ilikuwa na vuguvugu lake,
kama jiko lililobaki majivu,
hupikii kitu, lakini mikono unaota.

Mkutano mkuu, Jumamosi ya Julai.
Ukungu ulishuka bila hodi,
mlima haukuonekana. Nilishukuru:
shahidi mmoja amepungua.

"Kuna mengineyo?" mwenyekiti akauliza,
faili lishafungwa nusu.

Mkono ukanyanyuka. Sikuutuma.
Nikausimamia, kwa kuwa ulikuwa wangu,
na kiti cha plastiki kikainuka nami,
kimeng'ang'ania sketi.
Watu wakacheka,
na kicheko kile, Mungu anisamehe, kilinifaa.

Hotuba niliyoihutubia migomba siku tisa
(migomba ilipiga makofi sana)
ikanitoroka yote.
Nikabaki na sauti ya kifaranga
na maneno manne:
"Naomba tutazame mizani tupu."

Mtu akakohoa. Manyunyu kwenye bati.
Katibu akasema hoja iletwe kwa maandishi.
Kwa maandishi! Mimi!

Basi nikatembea.
Toka safu ya saba hadi ghalani ni hatua arobaini.
Magoti yaligombana njia nzima,
sikuyangoja yapatane.
Hatua ya kumi na mbili, au kumi na tatu,
nikasikia kiti kikisukumwa nyuma yangu.
Halafu kingine.
Sikugeuka. Ningegeuka, ningeketi.

Usidhani nilibebwa mabegani.
Mizani ilitiwa lakiri, kesi inaahirishwa,
karani mpya ni kijana mwenye miwani,
na mkopo wa bati unaniita kwa jina langu la ubatizo.
Wapo wanaonisalimia kwa mikono miwili.
Wapo wanaovuka barabara.

Hofu nayo haijahama.
Asubuhi hii imeniamsha kabla ya jogoo,
tumeteremka pamoja hadi soko la Mbuyuni,
yeye na mimi na gunia la maharage.
Huko, usipoita wateja unarudi na mzigo wako.
Nilifungua kinywa, ikatoka hewa.
Nikafungua tena:
"Maharage!"
Mtu mmoja akageuka.

Kabla hajauliza bei
nilimwelekezea mizani yangu ndogo, tupu,
nikasema, tazama mwenyewe kwanza.